Carlos Monge: daktari aliyeonyesha kwamba damu nayo huzidi

Ukienda zahanati, hasa ukiwa mjamzito, moja ya vipimo vya kwanza ni wingi wa damu. Muuguzi anakuchoma kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo, kisha anakutajia namba. Namba ikiwa ndogo unaambiwa damu imepungua. Unapewa vidonge vya madini ya chuma na kushauriwa kula mboga za majani, maharage, dagaa na maini. Wengi wetu tumekua tukijua hivyo: damu ni ya kupungua, na aliye na damu nyingi ana bahati.

Lakini yako maeneo duniani ambako watu huugua kwa sababu damu yao imezidi. Uso hubadilika rangi ukawa wa zambarau, kichwa huuma mchana na usiku, masikio huvuma, na pumzi hukatika mtu akipanda ngazi chache tu. Aliyeueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza ni daktari wa Peru, Amerika ya Kusini, aitwaye Carlos Monge Medrano. Amefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita, lakini swali aliloliacha limeendelea kuwashughulisha wanasayansi hadi miaka ya karibuni: kwa nini mwili wa mtu mmoja unajua mahali pa kuishia, na wa mwenzake haujui?

Haya ni maisha yake, pamoja na maelezo ya kile alichokiona.

Mtoto wa pwani

Carlos Monge alizaliwa Lima, mji mkuu wa Peru, Desemba 1884. Lima iko pwani, kando ya Bahari ya Pasifiki. Ukisimama huko na kutazama mashariki, unaona mwanzo wa milima ya Andes, safu ndefu kuliko zote duniani, inayokwenda kutoka kaskazini hadi kusini mwa bara lote. Watu wa pwani na watu wa milimani walikuwa nchi moja kwa jina, lakini maisha yao yalikuwa mbalimbali. Pwani ndiko kulikokuwa na serikali, vyuo na fedha. Milimani waliishi wakulima na wafugaji wa kabila la Waquechua na mengineyo, wazao wa watu wa dola la Inca.

Monge alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha San Marcos mjini Lima, mojawapo ya vyuo vikongwe kabisa katika bara la Amerika, kilichoanzishwa mwaka 1551. Baadaye alikwenda Uingereza kusoma katika shule ya magonjwa ya nchi za joto mjini London. Aliporudi nyumbani akawa daktari na mwalimu wa chuo. Hakuna dalili kwamba wakati huo alikusudia kuwa mtaalamu wa mambo ya milimani. Milima ndiyo iliyomfuata, kwa njia ya mgonjwa.

Treni, migodi na hewa nyepesi

Ili kuelewa kilichotokea, tupande kwanza mlima.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilijengwa reli kutoka pwani ya Peru kwenda katikati ya Andes. Ni reli ya ajabu: treni inaondoka karibu na usawa wa bahari na katika safari ya saa chache inapita mahali palipo zaidi ya meta 4,700 juu. Kwa kulinganisha, kilele cha Mlima Kenya kiko meta 5,199, na cha Kilimanjaro meta 5,895. Ila huko Andes watu hawaendi kutalii na kushuka. Wanaishi, wanaoa, wanazaa na wanazeeka.

Kilichowavuta wenye mitaji kwenda huko ni madini: fedha, shaba, risasi na zinki. Mji mkubwa wa migodi uliitwa Cerro de Pasco, uliopo meta 4,330 juu ya usawa wa bahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Wamarekani iliinunua migodi hiyo, na maelfu ya wanaume wakaajiriwa.

Hewa ya huko ni nyepesi. Kila unapovuta pumzi Cerro de Pasco, unapata oksijeni kama asilimia 60 tu ya ile ambayo ungeipata ukivuta pumzi ileile ukiwa Lima, Mombasa au Tanga. Oksijeni ndiyo mwili unayoitumia kuchoma chakula na kupata nguvu. Ikipungua, mwili unatafuta namna ya kufidia.

Namna mojawapo iligunduliwa mwaka 1890, Monge akiwa bado mtoto. Daktari Mfaransa, François Viault, alipanda kwenye mgodi wa Morococha, ulio katika milima hiyohiyo, akapima damu yake na ya wenzake. Alipotoka pwani alikuwa na chembe nyekundu kama milioni 5 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Baada ya wiki tatu hivi zilikuwa zimefika milioni 8. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Hewa ilipokuwa haba, mwili uliongeza wabebaji.

Ilionekana kuwa ni habari njema tupu: mwili una akili, unajirekebisha wenyewe. Hakuna aliyeuliza ingekuwaje kama ongezeko hilo lisingekoma.

Hukumu ya Mwingereza

Mwaka 1921 ujumbe wa wanasayansi wa Uingereza na Marekani ulifika Cerro de Pasco. Kiongozi wao alikuwa Joseph Barcroft wa Chuo Kikuu cha Cambridge, bingwa wa mambo ya damu na oksijeni. Barcroft alikuwa mtu wa kujitolea mhanga kwa ajili ya sayansi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameishi siku sita ndani ya chumba cha kioo kilichopunguzwa oksijeni, ili aone mwili wake utafanya nini.

Ujumbe huo ulikaa mlimani muda mfupi. Wageni wenyewe waliugua: vichwa viliwauma, walitapika, walikosa usingizi. Waliwapima wenyeji pia, na wakaona vijana wakipanda kutoka chini ya mgodi na mizigo ya mawe mgongoni. Hata hivyo, alipoandika baadaye kuhusu safari hiyo, Barcroft alitoa hukumu nzito. Alisema watu wote wanaoishi juu sana milimani wamepungukiwa nguvu za mwili na za akili.

Fikiria uzito wa maneno hayo. Mamilioni ya watu walikuwa wameishi katika milima ile kwa maelfu ya miaka. Walijenga miji, barabara na mashamba ya ngazi, wakaongoza dola kubwa. Sasa mwanasayansi mashuhuri, aliyekaa kwao muda mfupi, alisema kwa jina la sayansi kwamba wote ni watu pungufu. Na nchini Peru walikuwapo waliopenda kusikia hivyo, kwa sababu ni rahisi kumlipa kidogo na kumnyima shule mtu ambaye umeambiwa hawezi kuwa sawa na wewe.

Monge aliyasoma maneno hayo akayakataa. Aliona kosa liko wazi: Barcroft alijipima mwenyewe akiwa mgonjwa wa mlima, halafu akadhani mwenyeji ni mgonjwa vilevile. Mgeni anayehema mlimani hawezi kuwa kipimo cha mtu aliyezaliwa huko.

Lakini Monge aliletewa pia mgonjwa aliyefanya kesi yake iwe ngumu zaidi.

Mgonjwa aliyepona kwa kushuka

Mwaka 1925 Monge alitoa taarifa mbele ya Chuo cha Taifa cha Tiba mjini Lima kuhusu mtu aliyetoka Cerro de Pasco. Uso na midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, macho yamejaa damu, mishipa imetuna. Kichwa kilimuuma, alikuwa mchovu na mwenye kizunguzungu. Damu yake ilipopimwa, chembe nyekundu zilikuwa nyingi kupita hata zile za kawaida za watu wa milimani.

Monge alidhani kwanza kwamba ni ugonjwa uliokuwa umeelezwa mwaka 1892 na daktari Mfaransa aitwaye Louis Henri Vaquez. Katika ugonjwa wa Vaquez uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu, unatengeneza chembe nyekundu ovyo bila sababu ya nje. Hautegemei mtu anaishi wapi, na ukihama hauponi.

Ila kadiri alivyowaona wagonjwa wengine wa aina hiyo, aligundua jambo la kushangaza. Walipokaa pwani, bila dawa yoyote ya maana, damu ilipungua taratibu. Rangi ilirudi, kichwa kikaacha kuuma. Walipopanda tena mlimani kazini, maradhi yakarudi.

Basi huu haukuwa ugonjwa wa Vaquez. Ulikuwa ni mlima wenyewe. Watu hao hawakuwa wageni waliofika jana. Wengi walikuwa wameishi huko miaka mingi au walizaliwa hukohuko. Miili yao iliwahi kuizoea hewa nyepesi, kisha ikashindwa kuendelea kuizoea.

Mwaka 1927 Monge aliongoza msafara wa madaktari na wanafunzi wa San Marcos kupanda Andes kwa treni. Waliwapima watu mahali wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1928 alichapisha kitabu kuhusu maradhi hayo aliyoyaita ugonjwa wa Andes. Mwaka uliofuata alichapisha kingine kwa Kifaransa mjini Paris, na jina lake likaanza kutumika kwa ugonjwa wenyewe. Mpaka leo madaktari wanauita ugonjwa wa Monge, au ugonjwa sugu wa milimani.

Njia nyembamba

Hapa ndipo palipokuwa na mtihani wa maisha yake. Monge alikuwa anasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: mtu wa Andes ni mzima, mwenye nguvu, mwili wake umeumbika kwa ajili ya mazingira yake. La pili: wapo watu wa Andes ambao mlima unawaua polepole.

Aliyetaka kumpinga angeweza kulishika la pili na kusema, unaona, Barcroft alikuwa sahihi. Monge angeweza kulificha, au kulipunguza ili asiharibu hoja yake. Hakufanya hivyo. Alishikilia kwamba kuwapo kwa wagonjwa hakuwafanyi wazima kuwa wagonjwa. Watu wa pwani nao wana malaria, na hakuna anayesema kwamba kila mtu wa pwani ni pungufu.

Na kuuona ugonjwa kulikuwa na faida kubwa kwa mchimba migodi. Kabla ya hapo, aliyeumwa kichwa na kushindwa kazi angeweza kuitwa mvivu au mlevi. Sasa maradhi yake yalikuwa na jina, kipimo na tiba: ashuke. Ingawa tiba hiyo nayo ilikuwa na uchungu wake. Kushuka kulimaanisha kuacha mshahara, nyumba, shamba na ndugu, na kwenda kuanza upya kwenye mji wa pwani usiomjua.

Katika miaka ya 1930 Monge alianzisha katika chuo chake taasisi ya kuchunguza maisha ya viumbe wa Andes, na pamoja naye alikuwapo daktari mdogo kwake kwa umri, Alberto Hurtado. Monge alikuwa mtu wa mawazo mapana, Hurtado alikuwa mtu wa vipimo. Hurtado alionyesha kwamba wengi wa wagonjwa hawa hupumua kidogo kuliko wenzao wazima waliopo mahali palepale. Kwa hiyo oksijeni ya damu yao inashuka zaidi, hasa wakiwa usingizini, na mwili unadai chembe nyekundu zaidi na zaidi.

Monge alichimba pia historia. Alisoma maandishi ya Wahispania walioiteka Peru katika karne ya 16 na kuonyesha jinsi wao na wanyama wao walivyopata shida ya kuzaliana milimani. Walihamisha makao yao makuu kutoka Jauja, iliyo juu, kwenda Lima mwaka 1535, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba farasi, nguruwe na kuku hawakuzaa vizuri kule juu. Wakati huohuo wenyeji walizaa na kuongezeka. Alikumbusha pia kwamba watu wa milimani walipopelekwa kwa nguvu kufanya kazi kwenye mabonde ya joto, walikufa kwa wingi. Somo lake lilikuwa moja: usimhamishe mtu bila kufikiria mwili wake unatoka wapi. Utafiti huo aliukusanya katika kitabu kilichochapishwa kwa Kiingereza nchini Marekani mwaka 1948.

Alifariki Lima mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 85.

Kitalu cha damu

Monge aliona kwamba damu inazidi, na akaona kwamba ikishushwa pwani inapungua. Kilichokuwa kinatokea ndani ya mifupa hakukiona, kwa sababu vyombo vya kukiona havikuwapo. Jibu limekuja kwa vipande, mengi yakiwa baada ya kifo chake.

Kipande cha kwanza ni figo. Katika miaka ya 1950 ilithibitika kwamba figo zikihisi upungufu wa oksijeni hutoa homoni inayokwenda kwenye uboho kuongeza damu. Homoni hiyo inaitwa erithropoietini. Tuiite hapa mjumbe wa figo.

Kwa muda mrefu watu walidhani mjumbe huyu anafika kwenye uboho na kutoa amri: tengenezeni zaidi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kazi yake kubwa ni nyingine, na hapa mkulima ataelewa haraka.

Fikiria kitalu cha miche. Umepanda mbegu nyingi kuliko miche unayoihitaji. Zote zinaota, lakini kila mche unataka maji ili uishi. Maji yakiwa machache, mingi inanyauka na michache inabaki. Maji yakiwa mengi, mingi inaishi. Hukuongeza mbegu hata moja. Umebadilisha tu idadi ya miche iliyonusurika.

Uboho unafanya hivyohivyo. Kila wakati unaotesha seli changa nyingi kuliko zinazohitajika. Seli hizo zimewekewa ndani yake mpango wa kujifia zenyewe zisipopata ujumbe wa kuishi. Mjumbe wa figo ndiye maji ya kitalu. Anapoigusa seli changa kwenye ngozi yake, ishara inapita ndani kutoka protini moja hadi nyingine, kama watu wanaopokezana ndoo, mpaka kwenye kiini. Hapo seli inaamriwa kutengeneza protini ya kujikinga. Mojawapo ya kinga hizo inaitwa Bcl-xL, na kazi yake ni kuzuia ule mpango wa kufa. Seli iliyopata kinga inakua na kuwa chembe nyekundu kamili, inayoishi siku kama 120. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe kama milioni 2 kila sekunde, kwa hiyo mabadiliko madogo ya wanaonusurika na wanaokufa hujionyesha haraka kwenye damu.

Kifo cha seli hizo si hasara. Ndicho kinachoupa mwili nafasi ya kujibu upesi. Mtu akipoteza damu, akijifungua kwa mfano, uboho una miche tayari. Unachofanya ni kuacha ile ambayo ingekufa iishi. Na mahitaji yakitimia, maji yanapunguzwa, miche inanyauka tena, damu inabaki kwenye kiasi chake.

Ugonjwa wa Monge unatokea pale ambapo kunyauka kunakoma.

Seli zinazokataa kufa

Mwaka 2016 kundi la watafiti walioko California, Marekani, lilichapisha kazi iliyofanywa kwa msaada wa wakazi wa Cerro de Pasco, mji uleule wa mgonjwa wa mwaka 1925. Walichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka kwa watu wenye ugonjwa wa Monge na kutoka kwa majirani zao wasio nao. Katika maabara walizirudisha seli za ngozi kwenye hali ya uchanga, yaani seli shina, kisha wakazilea zigeuke kuwa chembe nyekundu za damu.

Zikiwa kwenye hewa ya kawaida, hakukuwa na tofauti kubwa. Lakini oksijeni ilipopunguzwa, seli za wagonjwa zilizaa chembe nyekundu kwa wingi mno, huku za majirani wazima zikiongezeka kidogo tu. Hapa hakukuwa na mapafu wala figo. Ni seli peke yake kwenye chombo. Kwa hiyo sehemu ya tatizo imo ndani ya seli yenyewe, katika urithi wake.

Watafiti walifuata nyayo hadi kwenye jeni inayoitwa SENP1. Kwa wagonjwa, jeni hiyo hupanda sana oksijeni ikipungua. Ikipanda, inatia nguvu swichi nyingine iitwayo GATA1 inayosimamia utengenezaji wa damu, na mojawapo ya vitu ambavyo swichi hiyo inaviongeza ni ileile kinga ya Bcl-xL. Maana yake ni kwamba seli changa zinapata kinga kupita kiasi, na miche ambayo ingenyauka inabaki hai yote. Kwa majirani wazima, jeni hiyo haipandi hivyo hata hewa ikiwa haba.

Hapa ndipo tofauti aliyoihisi Monge kati ya ugonjwa wake na ule wa Vaquez inapopata maelezo. Mwaka 2005 iligundulika kwamba wengi wenye ugonjwa wa Vaquez wana hitilafu kwenye protini iitwayo JAK2, ya kwanza katika ule mstari wa kupokezana ndoo. Imekwama, inapitisha ishara ya kuishi hata pasipo mjumbe. Ndiyo maana kushuka pwani hakuwasaidii. Mgonjwa wa Monge mstari wake haujakwama hivyo. Unazidisha tu hewa inapokuwa haba. Akishuka, hewa ikawa tele, kitalu kinapungua chenyewe.

Damu nyingi ina ubaya gani? Ni kama uji. Uji mwepesi unapita kwenye mrija bila shida. Ukizidisha unga unakwama. Damu iliyojaa chembe inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, na mishipa midogo ya ubongo, mapafu na figo inapata tabu. Badala ya kupata oksijeni zaidi, mwili unapata kidogo. Mwisho wake unaweza kuwa moyo kushindwa kazi, au damu kuganda na kuleta kiharusi.

Madaktari wamekubaliana kwamba mkazi wa juu ya meta 2,500 anahesabiwa kuwa damu yake imezidi ikiwa himoglobini ni gramu 21 au zaidi kwa desilita kwa mwanaume, na 19 au zaidi kwa mwanamke. Wanaume hupatwa zaidi, na hatari huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Wanawake nao hatari yao huongezeka baada ya kukoma hedhi.

Mtoto alipomsahihisha baba

Mtoto wake, Carlos Monge Cassinelli, aliyezaliwa mwaka 1921, naye akawa daktari na mtafiti wa damu ya milimani. Aliendeleza kazi ya baba yake mpaka alipofariki mwaka 2006, lakini hakukubaliana naye katika kila kitu. Baba aliamini kwamba mtu wa Andes ameumbika barabara kwa ajili ya mlima. Mtoto aliona kwamba kuongezeka kwa chembe nyekundu si ushahidi wa kuzoea vizuri, bali huenda ni dalili kwamba mwili bado haujazoea sawasawa.

Ushahidi kutoka kwingineko umemuunga mkono mtoto. Watibeti wa Asia wanaishi kwenye urefu kama huo, lakini wengi wao wana damu ya wingi wa kawaida, na mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba wanabeba urithi unaozuia damu isipande ovyo. Na hapa Afrika, Waamhara wanaoishi kwenye milima ya Simien nchini Ethiopia, meta zipatazo 3,500 juu, walipopimwa walikutwa na himoglobini inayokaribiana na ya watu wa pwani. Kumbe ziko njia zaidi ya moja za kuishi mlimani.

Hilo halimvunjii heshima Monge mzee. Alikuwa sahihi kwenye jambo kubwa: watu wa milimani si pungufu, na mlima humjaribu kila mtu kwa namna yake. Alikosea kudhani kwamba kuzoea ni kwa namna moja.

Jambo hili kwetu

Katika Afrika Mashariki ni wachache wanaoishi juu ya meta 2,500, kwa hiyo ugonjwa wa Monge si tishio letu la kila siku. Anayeumwa kichwa na kutapika akipandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro ana ugonjwa mwingine wa mlima, wa ghafla, na dawa yake ni kushuka mara moja. Asivumilie.

Wanaoishi nyanda za juu wajue kwamba kipimo cha damu hutazamwa kulingana na mwinuko. Namba inayotosha kwa mama wa pwani inaweza kuwa ndogo kwa mama wa milimani. Kama muuguzi amekupa vidonge vya madini ya chuma, endelea kuvitumia. Habari hii haikuambii uviache.

Na damu kuzidi si jambo la milimani peke yake. Mvutaji sigara wa miaka mingi, au mwenye maradhi sugu ya mapafu, anaweza kupungukiwa oksijeni hata akiishi kando ya bahari, na mwili ukajibu kwa njia ileile. Ukiambiwa damu yako ni nyingi kupita kiasi, usifurahi wala usiende kuchanjwa mtaani ili ipunguzwe. Rudi hospitali uulize sababu.

Huko Andes, leo wako wachimba dhahabu wanaoishi La Rinconada, mji wa Peru ulio zaidi ya meta 5,000 juu, na wengi wao wana dalili zilezile alizozieleza Monge. Tiba ya uhakika bado ni ileile aliyoiona mwaka 1925, kushuka. Wasioweza kushuka hutolewa damu au hupewa dawa za kusaidia upumuaji. Watafiti wanaochunguza ile jeni na ile kinga ya seli wanatumaini kwamba siku moja itapatikana dawa ya kuirudisha miche kwenye kiasi chake, ili mtu wa mlimani asilazimike kuchagua kati ya afya yake na nyumbani kwake.